Mbona Krismasi Haiishi Hospitalini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu aliniletea flashi yenye tamthilia ya ER, ile ya madaktari wa Chicago, misimu yote 15. Huiangalia jioni nikishafunga genge langu. Kila baada ya siku chache nakuta Krismasi tena, theluji tena, na machela zinasukumwa mbio tena. Hawa watu wana Krismasi ngapi kwa mwaka? Na je, ni kweli kwamba siku hiyo hospitali hujaa kiasi kile, au watunzi wametia chumvi?
Mama Upendo, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mama Upendo, Krismasi yao ni moja kwa mwaka kama yetu, inayokuchanganya ni flashi. ER ilianza kuonyeshwa Septemba 1994 na ikamalizika Aprili 2009, kwa kawaida sehemu moja kwa wiki, Alhamisi usiku. Nchini Marekani msimu wa televisheni huanza Septemba na kuishia Mei, na katikati ya Desemba tamthilia nyingi husimama hadi Januari, kwa hiyo sehemu ya mwisho kabla ya mapumziko huangukia wiki ambayo mtazamaji mwenyewe anapamba mti sebuleni. Aliyeifuatilia wakati ule alingoja mwaka mzima kutoka Krismasi moja hadi nyingine; wewe, ukiangalia sehemu nne kwa jioni, unaifikia nyingine kabla wiki haijaisha.

Hata hivyo, watunzi hawakuifuata kalenda tu. Sikukuu huwapa jambo ambalo siku ya kawaida haina. Chukua sehemu ya msimu wa kwanza iitwayo "The Gift", iliyoonyeshwa tarehe 15 Desemba 1994, ambayo jina lake maana yake ni zawadi. Zawadi yenyewe ni viungo vya mwili: Dk. Peter Benton, ambaye bado anajifunza upasuaji, anaanza mipango ya kuvuna viungo vya mgonjwa ambaye ubongo wake umekufa, ilhali mke wa mgonjwa hajatoa ridhaa. Mwezi Machi hilo lingekuwa kosa la taratibu tu, lakini mkesha wa Krismasi mwanamke anaombwa kutoa wakati yeye mwenyewe anapokonywa mume. Kwa maoni yangu, sehemu hiyo inazishinda nyingi za misimu ya baadaye. Theluji usiitilie maanani sana, kwani sehemu kubwa ya tamthilia ilipigwa studioni Burbank, California, ambako theluji ni ya kutengenezwa.

Kuhusu chumvi, ukweli upo nusu. Watafiti waliochambua vyeti vya vifo vya Wamarekani takriban milioni 53, na kuchapisha matokeo katika jarida la Circulation mwaka 2004, waliona kwamba vifo vya magonjwa ya moyo, na hata vya maradhi mengine, hupanda Krismasi na Mwaka Mpya. Maelezo mojawapo waliyoyapendekeza ni kwamba watu huchelewa kwenda kutibiwa. Hilo hata huku tunalijua: mtu anabanwa na kifua tarehe 24, anasema ngoja sikukuu ipite. Lakini ongezeko waliloliona lilikuwa la takriban asilimia 5, nalo halitoshi kujaza korido kwa machela.

Mkesha mmoja nililala wodini hapa Dodoma na mpwa wangu, aliyevunjika mkono kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe, kama watoto wengi msimu wa maembe. Saa tatu usiku muuguzi alifungua hotpoti ya pilau nyuma ya pazia, akala vijiko viwili akiwa amesimama, akaitwa, akaifunika. Aliirudia saa sita. Kuanzia hapo hadi alfajiri hakuletwa mgonjwa mwingine. Muuguzi alijaza daftari lake, mtoto akakoroma, mvua ikapiga bati. Saa kama hizo, Mama Upendo, kwenye ER huzioni.