Chumvi, Mchanga na Gari la Miaka Thelathini

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi na vitongoji vyake, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nimepata gari kuukuu la fowili (linaloendeshwa na magurudumu yote manne), nataka kupeleka familia kulala nje, ama Tsavo Mashariki kwa lango la Sala ama mchangani kule Ngomeni. Nianzie wapi? Tumechagua tano.

Swali: Assalamu alaikum. Nimenunua pikapu ya Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1993, injini 1HZ. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akibebea samaki kutoka ufuoni. Fundi anashauri tuinue gari, tuweke bampa la chuma na kichanja cha juu. Fedha niliyonayo ni ya kazi moja. Ipi itangulie? – *Msomaji, Maweni*

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Katika hizo tatu, hakuna. Gari la samaki limekula chumvi juu na chini. Chini ni rasharasha za bahari na mchanga mbichi. Juu ni maji ya barafu yaliyotiririka kutoka kwenye makasha, yakapenya sakafu ya bodi na kuishia ndani ya chesisi. Chesisi hiyo ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Huoza kutoka ndani kuja nje, na rangi ya nje hubaki ikikudanganya mpaka siku ya mwisho. Fedha yako yote iende huko.

Inua gari ulikalishe juu ya stendi nne, usitegemee jeki. Chukua nyundo ndogo, igonge chesisi kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia na nyundo huruka; kilichooza hutoa sauti ya kufifia na nyundo hubaki pale pale. Hapo dunga kwa bisibisi. Kagua kwa makini zaidi mikono inayoshika springi za nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, vikalio vya bodi, na chini ya betri ambako asidi imekuwa ikidondoka.

Kabla ya brashi kugusa chuma, zibua matundu yaliyo upande wa chini wa chesisi, kisha ingiza mpira wa maji ndani yake mpaka yatoke meupe. Yawe maji ya mfereji. Ya visima vingi vya huku yana chumvi, utakuwa unaongeza ugonjwa. Acha gari likauke siku mbili juani. Nje, sugua kwa brashi ya waya hadi magamba yaishe, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, halafu praima ya zinki, halafu rangi mara mbili. Ndani ya boksi, ambako mkono haufiki, puliza nta ya chesisi kwa mrija mrefu.

Mambo mawili yanayofanywa sana katika magereji yetu tunayapinga kabisa. La kwanza ni kupaka lami juu ya kutu. Lami hufungia chumvi na unyevu ndani, na kazi ya kula chuma huendelea gizani. La pili ni kunyunyiza oili chafu ya injini. Hiyo hushika mchanga, na mbaya zaidi hulainisha na kuvimbisha raba za bushi na za vikalio vya bodi.

Ukipata tundu, kiraka kiwe cha bamba la milimita 3, na ncha zake zikatwe kwa mshazari au kama mdomo wa samaki. Ukichomelea mstari wa wima kukata ubavu wa chesisi, umeichorea mahali pa kuvunjikia. Chomoa nyaya za betri na za oltaneta kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Ukiwa chini huko huko, tazama mabomba ya breki pale yanaposhikwa na vibanio, maana kutu hujificha chini ya kibanio. Yakianza kumenyuka, badilisha yote kwa mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo chumvi haiyawezi, na utie maji mapya ya breki. Tena kuna mkanda wa taimingi. Katika 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugonga pistoni. Kwa gari la umri huu usiamini namba iliyo kwenye dashibodi. Badilisha mkanda na rola yake, uandike tarehe na kilomita kwenye kifuniko.

Swali: Fundi anataka kuniongezea mabamba mawili kwenye springi za nyuma za pikapu yangu kwa ajili ya mizigo ya kambi. Nikubali? – *Baba wa wanne, Gede*

Jibu: Pima kwanza. Maji lita 40 ni kilo 40. Dizeli ya akiba lita 40 ni kama kilo 34. Hema la juu ni takriban kilo 60, friji iliyojaa 40, betri ya pili 25, vyombo, chakula na spana tuseme 60. Jumla ni kilo 259, bila kuhesabu abiria wako. Kwa pikapu ya kazi huo si mzigo wa kuongezea mabamba. Inayotatiza mara nyingi ni springi yenyewe kuchoka na kulala, na kuibandika mabamba mapya juu ya yaliyochoka hakuifufui. Siku ambazo gari ni tupu, springi ngumu haikunjiki, na kila pigo la barabara huhamia kwenye shakeli (vishikio vya ncha za springi) na kwenye mikono ya chesisi, pale pale ambapo kutu hudhoofisha.

Agiza springi mpya za kiwango cha kiwandani, bushi mpya, na yu-bolti mpya (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Yu-bolti za zamani zimekwisha vutika, hazishiki tena kama mwanzo. Zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 500. Kuinua gari hakukufaidii kitu mbugani, maana ndani ya Tsavo hairuhusiwi kutoka nje ya njia. Kinachokungoja huko ni barabara yenye mawimbi kama bati, nayo huchemsha shokamzoba mpaka zikatapika oili. Punguza upepo wa tairi hadi kama psi 28, na mwendo upungue pia.

Mizigo mizito ikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Usipandishe mafuta wala maji juu ya paa.

Swali: Gurudumu la mbele kushoto linavuja kitu cheusi chepesi, kimeenea mpaka kwenye tairi. Si maji ya breki. Niliingia mto Sabaki wiki mbili zilizopita. – *Msomaji, Mambrui*

Jibu: Hiyo ni oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) iliyovuka sili ya ndani ya ekseli, ikachanganyika na grisi ndani ya lile tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu. Grisi inayolinda joiniti, kiungo kinachozungusha gurudumu, imekuwa mchuzi. Usiendeshe safari ndefu hivyo, kwani oili ikifika kwenye breki gari litavuta upande mmoja, na joiniti isiyo na grisi hulika upesi.

Sababu mara nyingi ni kijitundu cha kupumulia juu ya difu kuzibwa na tope. Difu ikipata moto, hewa hutanuka, hukosa njia, husukuma oili kupita sili. Ukiingia mtoni difu ikiwa moto, hupoa ghafla na kuvuta maji ndani. Basi anza na difu: fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia, usije ukamwaga oili yote halafu nati ya juu ikagoma. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Jaza oili ya gia 80W-90 ya GL-5 mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Kisha fungua pande zote mbili za mbele, hata kama upande mmoja tu ndio unaovuja. Nunua seti ya sili, gasketi na filti (pete ya kitambaa kizito, si chujio), ukague beringi. Osha joiniti kwa dizeli mpaka iwe safi, ikaushe, ipakie grisi yenye molibdenamu kwa vidole mpaka itokeze upande wa pili. Mwisho fungia mrija kwenye lile tundu la kupumulia, uupandishe hadi kwenye chumba cha injini. Mrija wa mita mbili ni bei ya chai, na ndio utakaokulinda ukirudi Sabaki.

Swali: Upepo wa tairi mchangani uwe kiasi gani? Zangu ni 7.50R16 za tyubu. – *Msomaji, Ngomeni*

Jibu: Toka psi 40 hadi 20, na kwa tyubu usishuke zaidi. Tairi lenye upepo mdogo huteleza kwenye rimu, likaburuta tyubu na kung'oa valvu. Tairi lisilo na tyubu laweza kufika 15. Funga habu za mbele kwa mkono, ili magurudumu ya mbele yasukume pia, kabla ya kuingia mchangani, usikate usukani kwa nguvu, na gari likianza kuzama simama mara moja. Kukanyaga mafuta ni kujichimbia. Chimbua, kisha rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe.

Pita maji yakiwa yamekupwa, ukijua siku za bamvua bahari hurudi juu sana. Na usipande juu ya mstari wa maji kujaa, hapo kasa hutaga mayai. Kabla ya kurudi lamini jaza upepo. Ikiwa rimu zako ni za pete (pete ya chuma inayoshika tairi), ifunge pete kwa mnyororo wakati wa kujaza, maana pete ikiruka huua.

Swali: Friji ya lita 40 inaniua betri kabla ya alfajiri. – *Mama Safari, Watamu*

Jibu: Mama, friji hiyo ikifanya kazi hula ampia 3 hadi 4, na kwa joto la huko hufanya kazi karibu nusu ya siku, kwa hiyo kama ampia-saa 36 hadi 48 kwa siku. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, yaani volti 12.2 ikiwa imepumzika. Betri ya pili basi ni ya siku moja; paneli ya jua ya wati 100 inarudisha ampia-saa 25 hadi 30 siku yenye jua zuri.

Tenganisha betri mbili kwa relei (swichi inayojiendesha) inayoziunganisha volti zikifika 13.3 na kuachia zikishuka 12.8, ili ya kuwashia gari isiguswe usiku. Waya uwe wa milimita mraba 25, na fyuzi karibu na kila betri, si katikati ya njia. Betri ikikaa ndani ya gari iwe ya aina iliyofungwa, kwani ya kawaida hutoa hewa inayolipuka. Hakikisha pia gari lako ni la volti 12, kwa sababu baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japan ni za 24.

Ipoze friji kwa umeme wa nyumbani usiku kucha kabla ya safari, na vinywaji viingie vikiwa baridi tayari. Kupoza soda za moto njiani ndiko kunakomaliza betri yako.