Kufundisha Hakudumazi Utunzi wa Dansi

Wiki hii mmeuliza: mcheza dansi akishika ualimu, utunzi wake hudumaa? Hapana. Mtazameni Germaine Acogny, mcheza dansi, mwalimu na mtunzi wa Senegal.

Alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal, akasomea Paris, kisha akafungua studio Dakar mwaka 1968. Kuanzia 1977 hadi 1982 aliongoza Mudra Afrique, chuo cha dansi cha Dakar kilichoanzishwa na Maurice Béjart, mtunzi wa dansi wa Ufaransa, pamoja na Rais Senghor wa Senegal. Baadaye yeye na mumewe, Helmut Vogt, wakajenga shule ya dansi, École des Sables, kijijini Toubab Dialaw, kusini mwa Dakar. Miaka yote hiyo alikuwa akifundisha, na humo darasani ndimo mbinu yake ilimokomaa.

Mbinu hiyo huanzia kwenye uti wa mgongo. Kifua anakiita jua, makalio mwezi, kinena nyota. Majina hayo yana kazi: mwanafunzi akiambiwa "jua lichomoze" hufungua kifua bila kukaza mabega.

Wimbi la mgongo ndilo huwashinda wengi. Hutikisa kichwa na mabega wakidhani mgongo umecheza. Anayelifundisha aanze na nyayo sambamba, upana wa nyonga, magoti yamelegea. Wimbi litoke kwenye nyonga, lipande kiunoni, lifike kifuani, shingo iwe ya mwisho. Hesabu 8 kupanda, 8 kushuka; likishatulia, 4, kisha 2. Ukiharakisha mapema, kifua huganda na sehemu ya chini ya mgongo hubeba mzigo wote. Hapo maumivu hayakawii.

Sakafu ya mchanga, kama ile ya Toubab Dialaw, nayo ina masharti yake. Hupunguza kishindo cha kuruka, lakini kisigino huzama, na kano yake huvutika kuliko kwenye mbao. Kwa hiyo miruko mifupi itangulie, na mpiga ngoma apunguze kasi, maana mguu huchelewa kuchomoka.

Sasa utunzi. Dansi ya Fagaala, aliyoitunga Acogny pamoja na Kota Yamazaki wa Japani, inahusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Wachezaji wote ni wanaume, na hao hao huwa wauaji, hao hao huwa wahanga. Mwili uliozoea hatua za kukariri tu hauwezi kugeuka hivyo ndani ya pumzi moja. Kazi hiyo iliwapatia watunzi wake Bessie, tuzo ya dansi ya New York, mwaka 2007, na mwaka 2021 Acogny akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice kwa kazi ya maisha yake.

Walimu wanaotunga wajihadhari na jambo moja: kupeleka zoezi jukwaani kama lilivyo. Zoezi hurudiwa kulia na kushoto ili kujenga nguvu sawa. Jukwaani marudio hayo yakikosa sababu, mtazamaji huona darasa. Chukueni chimbuko la mwendo, badilisheni uelekeo na kasi, na upande wa pili muuache kabisa kama hauongezi kitu.