Jibu: Kuokoa drosera kabla kifusi hakijamwagwa

Ndugu, umeuliza kama uzing'oe drosera (mimea midogo ya majani yanayonata) za kiwanja chenu kinachofukiwa na kuzipanda kwenye udongo wa samadi. Samadi hapana kabisa! Itaunguza mizizi, mmea huu hunasa wadudu kwa sababu umezoea ardhi isiyo na rutuba. Uchimbe pamoja na bonge la udongo wake, usikung'ute mizizi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, kwa hiyo kinga maji ya mvua na uweke kopo ulilopandia ndani ya sahani yenye maji hayo.

Kata pia majani machache mazima, uyaeleshe kwenye maji ya mvua penye mwanga. Baada ya wiki kadhaa miche huchipua kwenye jani lenyewe. Fanya hivyo leo, maana mimea iliyohamishwa hunyauka kirahisi. Mbegu ukizipata, nyunyiza juu tu, usizifukie.