Maswali yenu ya kuzamia Karibi: hoteli ipi, bima ipi

Wiki hizi mbili maswali ya Karibi yamekuwa mengi kuliko ya Mafia na Pemba, sijui kuna nini huko. Kabla sijaanza niweke jambo moja sawa, maana siku nilipomwambia mama kwa simu naenda kuzamia Honduras alinyamaza kabisa, baadae akaniuliza kwani karatasi zako Marekani zimekwisha mwanangu? Kuzamia ninakosemea hapa ni kule kwa mtungi mgongoni na paspoti yenye viza, sio kule kwa kujificha kwenye meli.

Swali: Mimi na mume wangu tupo Houston, kadi zetu za Open Water, zile za mzamiaji wa kuanza, tulichukulia Nungwi mwaka juzi, tuna daivu 6 tu kila mtu, yaani tumeshuka mara 6. Likizo ni Agosti. Yeye anataka Cozumel, mimi nasikia Bonaire. Nani yuko sahihi?

Kwa Agosti, wewe dada. Msimu wa vimbunga kule unaanza 1 Juni mpaka 30 Novemba na Agosti hadi Oktoba ndio moto wenyewe, na sio kama kaskazi na kusi zetu ambazo hata mtoto wa Nungwi anajua zinaanza lini na zinatoka wapi. Cozumel, kisiwa cha Mexico, ipo njiani kabisa, Oktoba 2005 kimbunga Wilma kilifika hapo kikaganda, hakitaki kuondoka. Bonaire ni kisiwa cha kusini karibu na Venezuela, vimbunga vingi vinapita mbali kaskazini yake. Sisemi haiguswi, Novemba 1999 kimbunga Lenny kilitokea magharibi, upande ambao hakuna aliyekuwa anauangalia, mawimbi yakavunja matumbawe ya huko vibaya. Ila kwa kubahatisha, bora Bonaire.

Jingine ni mkondo. Cozumel unarushwa majini, mkondo unakubeba unapita ukuta kama umepanda daladala na boti inakufuata juu. Raha tupu! Lakini kwa mwenye daivu 6 ambaye bado anahangaika na kuelea sawasawa, ile raha inageuka haraka. Nendeni Cozumel Februari au Machi mkishafika daivu ishirini hivi.

Bonaire yenyewe mnakodi pikapu, mnapakia mitungi, mnaendesha mpaka mnapoona jiwe la njano pembeni ya barabara lenye jina la sehemu, mnaingia kwa miguu, na sehemu za kuingia hivyo zipo zaidi ya 50. Ndio maana watu wanaipenda, na ndio hapo hapo ninapowaonya, kwa sababu hakuna daivmasta, yaani kiongozi wa wazamiaji, anayewaangalia, ni nyinyi wawili na daivu zenu 6. Lipieni kiongozi siku mbili za mwanzo. Alafu msiache kitu ndani ya gari, sio simu, sio pochi, sio hata miwani ya jua, wenyeji wanakwambia acha milango wazi ili asikuvunjie kioo bure. Wekeni akilini pia kodi ya kuingia kisiwani dola 75 na ada ya hifadhi ya bahari dola 40 kwa kila mtu, maana hizo hazimo kwenye bei ya hoteli mnayoiona.

Swali: Hoteli zote kwenye picha ni zile zile, bwawa, mnazi, kasa. Najuaje nzuri?

Bwawa ruka. Wewe unaenda kuchungulia boti.

Mimi nilishawahi kuingizwa mjini na picha, sitaji hoteli wala kisiwa. Chumba safi, chakula kizuri, asubuhi tukapanda boti tupo 14 na kiongozi mmoja, kijana mpole tu, hata hatia hakuwa nayo. Nikamuuliza oksijeni iko wapi, akafungua sanduku, mtungi upo lakini ile spana ndogo ya kuufungulia haipo, wameitafuta mpaka chini ya viti. Nilibaki juu siku hiyo. Wenzangu waliniona mnoko.

Kwa hiyo kabla ya kulipa depo waandikie, na usiulize "je mko salama?" maana atakayekujibu hapana hajazaliwa. Waulize kiongozi mmoja anachukua watu wangapi, zaidi ya 6 au 8 mimi sipendi, na kwa wageni kama hao wa Houston wawe 4. Uliza oksijeni ipo kwenye kila boti au ipo hotelini, maana hotelini haikusaidii ukiwa nusu saa baharini. Uliza chemba ya presha, kile chumba cha kumtibu mzamiaji aliyedhurika na nitrojeni, iko wapi na kama mwezi huu inafanya kazi. Bonaire, Cozumel, Roatán na Grand Cayman wanazo, lakini ukienda Little Cayman kwenye ule ukuta wa Bloody Bay, ambao kusema kweli ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kushuka, ukipata shida ni mpaka urushwe kwa ndege kwenda Grand Cayman. Sio sababu ya kutokwenda, ni sababu ya kuwa na bima. Wanavyokujibu nako ni jibu: duka zuri la kuzamia litakuandikia mistari mitano iliyonyooka, bovu litakutumia brosha.

Siku ukifika, fungua mtungi kidogo unuse. Hewa haitakiwi kuwa na harufu yoyote, ukisikia oili rudisha.

Na nyinyi mnaokata tiketi, hizi paketi za kila kitu ndani, pombe usiku kucha, mnalipia kitu ambacho mzamiaji hakitumii, boti inaondoka saa mbili asubuhi na huwezi kushuka na hangova. Chukua paketi ya daivu, kula mtaani. Roatán na Utila kule Honduras bado kuna bei za kibinadamu kwa hilo.

Swali: Nina bima ya afya ya kazini, na kadi ya benki nayo inasema ina bima ya safari. Ya nini tena bima nyingine?

Hili limeulizwa na watu wanne kwa maneno tofauti.

Kuna bima mbili hapa na kila moja inafanya kazi yake. Ya safari inarudisha hela ukiumwa kabla ya kuondoka, ndege ikiahirishwa, mabegi yakipotea, kimbunga kikifunga hoteli. Ya ajali ya kuzamia inalipia chemba ya presha na kukutoa kisiwani. Nyingi kati ya hizi za kadi na za safari za bei rahisi ukisoma chini kabisa utakuta kuzamia wameitoa, au wameiruhusu mpaka mita kadhaa tu, au ukiwa na mwalimu tu. Na matibabu ya chemba pamoja na ndege ya kukuhamisha vinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola, hapo ndio watu huanza michango ya WhatsApp.

Wengi wetu tunatumia DAN, Divers Alert Network, ilianza 1980 pale chuo kikuu cha Duke, wana simu ya dharura saa 24. Hapa ndipo watu wanapochanganya: kuwa mwanachama na kuwa na bima ni vitu viwili. Unalipa uanachama, unapata kadi, unadhani umemaliza. Bado, plani ya bima inanunuliwa juu yake. Na ya Marekani kwa kawaida inalipa baada ya bima yako ya afya kulipa sehemu yake, kwa hiyo ya kazini usiitupe. Wenye kuishi Ulaya au Afrika Mashariki wana ofisi yao ya DAN, usinunue ya Marekani kwa sababu shemeji yako kakutumia linki.

Sasa soma kina. Kadi ya Open Water inakuruhusu mpaka mita 18. Pale Bonaire kuna meli inaitwa Hilma Hooker, ilizama 1984 baada ya kukamatwa na bangi, kila mtu anataka kuiona, na imelala kwenye mita kama 30. Kama plani yako inafuata kiwango cha kadi, ukashuka mpaka chini ukiwa na kadi ya 18, umewapa sababu ya kukataa klemu, yaani madai yako ya kulipwa. Fanya Advanced kwanza, ile kadi inayofuata, iache meli ikusubiri, haiendi popote.

Na nunua mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua baada ya hapo haitakilipia, sawa na kutafuta bima ya moto moshi umeshatoka darini. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopiga kisiwa cha Carriacou, aliyekuwa hajanunua alikuwa amechelewa tayari. Ile aina ya kughairi kwa sababu yoyote ile nayo ina siku zake, kwa kawaida wiki mbili tatu toka ulipe depo, na hairudishi yote, mara nyingi ni asilimia 75.

Swali: Nilikuwa na pumu utotoni. Kwenye fomu ya afya niandike hapana tu?

Usithubutu. Nenda kwa daktari, ikiwezekana anayejua mambo ya kuzamia, apime mapafu yako asaini, wengi wanapita. Ukidanganya unacheza na vitu viwili, bima yako na hayo mapafu yenyewe, na ya kwanza ndio nafuu. Fomu fanyia nyumbani, kuna watu wamefika kisiwani wakaambiwa leta saini ya daktari, Jumapili.

Swali: Nipo Dar. Nafika vipi bila kupita Marekani?

Amsterdam. KLM wanatoka Dar na wanakwenda Bonaire. Ukipitia Miami, hata kama unabadilisha ndege tu, unatakiwa viza ya kupita, wengi hawajui mpaka wafike kaunta. Na Bonaire ni ya Uholanzi lakini haimo kwenye Schengen, ile viza ya pamoja ya Ulaya, kwa hiyo uliza ubalozi viza ya upande wa Karibi kabla hujalipia chochote.

Swali: Ndege yetu ni Jumamosi saa nane mchana. Ijumaa tunaweza kushuka?

Ijumaa asubuhi ndiyo, jioni hapana. Mkiwa mmezamia siku kadhaa mfululizo acheni angalau masaa 18 kabla ya kupanda ndege, maana nitrojeni bado ipo mwilini na ndege inapunguza presha. Mimi naacha 24, ndio maana nasema jioni hapana. Mchana huo kausheni vifaa, kuleni samaki.

Swali: Vifaa nibebe au nikodi?

Beba maski inayokukaa na kompyuta ya kuzamia unayoijua, vingine kodi mpaka uwe na uhakika utaendelea. Kwa Bonaire ongeza buti ngumu, kule kuingia ni juu ya mawe na matumbawe yaliyokufa, vile vilaini vya bwawani utavua unalia. Glavu acha nyumbani, Bonaire na Cozumel hawaruhusu. Na kila kitu kioshe vizuri kabla ya kuhama kisiwa, kuna ugonjwa wa matumbawe ulianza Florida 2014, umefika Bonaire 2023, na wenyeji wanaulizia kweli begi lako limetoka maji gani.