Usiache ngano kabla ya kupima

Habari ndugu. Umesema tumbo linajaa gesi na unaharisha miezi sasa, vipimo vya minyoo na vidonda havijaonyesha kitu, na kesho unaanza kuacha gluteni, ile protini ya ngano na nafaka za jamii yake. Subiri kidogo.

Mimi niliacha kwanza, nikapima baadaye, nikajuta. Kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (kinga ya mwili hushambulia utumbo ukila gluteni) hutafuta kingamwili zinazotokea ukiwa unakula gluteni. Ukishaacha, zinapungua na majibu yanaweza kuja safi hata kama unaumwa. Ikabidi nirudie mkate kila siku kwa wiki 6, tumbo likiunguruma usiku kucha, ndipo nikapimwa upya.

Majibu yakiwa safi, acha ngano, shayiri na nafaka ya rai wiki 4 hivi, huku ukiandika kila unachokula. Soma vibandiko (mimi nilinaswa na sosi ya soya, kumbe nyingi zina ngano!). Kisha rudisha mkate uone. Nafuu pekee haithibitishi kuwa ni gluteni, maana ngano ina fruktani pia (aina ya wanga isiyomeng'enywa vizuri), na hizo huleta gesi. Mimi vitunguu, vyenye fruktani lakini bila gluteni, vilinisumbua vilevile, hapo ndipo nikashtuka.

Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, achana na majaribio, muone daktari.