Mtoto wa Lodi Aitwe Nani?

SWALI: Mzee wa Kalamu, shikamoo. Ninaandika riwaya fupi ya Uingereza ya mwaka 1911, ndani ya jumba la lodi mmoja wa cheo cha kurithi kiitwacho Earl, mwenye mashamba mengi na madeni mengi zaidi. Anayesimulia ni yaya, lakini hadithi yote imebebwa na mtoto anayemlea, mvulana wa miaka minane, na mpaka leo hana jina. Kwenye mswada nimemwandika "Mtoto". Nataka msomaji akiliona jina tu ajue huyu ni wa kishua hasa. Nimefikia haya: Maximilian, Sterling, Prince, Leonardo na Ryan. Rafiki yangu anashikilia Ryan kwa sababu ni fupi. Nisaidie, mzee wangu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako mwambie Ryan asubiri nje. Hilo ni jina la ukoo la Kiayalandi, na kuwapa watoto kama jina la kwanza ni mtindo ulioshika baadaye sana kuliko hadithi yako. Ila hoja yake ya ufupi iweke, tutairudia.

Prince toa kabisa. Mtoto wa Earl si mwanamfalme, na mwenye cheo cha kweli hakigeuzi kuwa jina. Sterling ni jina la baba aliyezipata pesa juzi na anaogopa watu wasijue. Leonardo atakulazimu umtafutie mama wa Kiitalia. Maximilian angewezekana, lakini lina Ujerumani ndani yake, na miaka mitatu tu mbele ya hadithi yako kuna vita ya Uingereza na Ujerumani. Kumbuka mwaka 1917 hata familia ya kifalme ya Uingereza ililivua jina lake la Kijerumani, Saxe-Coburg na Gotha, ikajiita Windsor. Kama hutaki kuibeba habari hiyo, usiguse.

Unajua kosa la orodha yako liko wapi? Umetafuta jina lenye sauti ya ghali. Malodi wenyewe hawakufanya hivyo. Tarehe 22 Juni 1911, mwaka huohuo wa hadithi yako, alitawazwa Mfalme George wa Tano. Wanawe waliitwa Edward, Albert, Mary, Henry, George na John. Basi! Majina hayohayo ungeyakuta kwa mtunza farasi wake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na jina linalojitembeza humuumbua mwenye nalo.

Kwa hiyo ukubwa hauko kwenye jina la kwanza peke yake. Tazama lilikotoka na yanayolifuata. Mchukue Winston Churchill, aliyezaliwa 1874: Winston Leonard Spencer Churchill. Winston alikuwa babu wa zamani wa ukoo, Sir Winston Churchill wa karne ya 17, na huyo babu naye alipewa jina la ukoo wa mama yake, aliyekuwa binti wa akina Winston. Leonard ni baba mzazi wa mama, Leonard Jerome, tajiri wa New York. Kichanga hajafumbua macho vizuri na tayari amebeba ukoo wa miaka mia mbili upande mmoja na fedha za Marekani upande wa pili. Hakuna aliyekaa akajiuliza jina gani linapendeza. Jina lilikuwepo, likisubiri mtoto.

Fanya hivyo na wewe. Kabla ya kumpa huyu mtoto jina, mpe babu yake. Mama yake alizaliwa ukoo gani? Nani amemuahidi urithi kwa sharti la kuitwa jina lake? Earl wako ana madeni, sivyo? Hapo pana sura nzima ya riwaya.

Tahadhari moja tu. Mtindo wa kugeuza jina la ukoo kuwa jina la kwanza ulishuka ngazi mapema. Percy ni ukoo wa Duke (cheo kilicho juu ya Earl) wa Northumberland, Stanley ni wa Earl wa Derby, Howard ni wa Duke wa Norfolk. Watu wa kawaida wakayapenda, wakawapa wanao. Sydney nalo lilipita njia hiyo: kaka yake mchekeshaji wa sinema Charlie Chaplin aliitwa Sydney, naye alizaliwa 1885 na kukulia kwenye umaskini wa London. Ukimwita mtoto wako Percy mwaka 1911, msomaji anayejua atamwona karani.

Halafu lipo jina la nyumbani, na hili usilisahau maana msimulizi wako ni yaya. Yule Edward wa mfalme aliandikishwa majina saba: Edward Albert Christian George Andrew Patrick David. Manne ya mwisho ni ya watakatifu walinzi wa Uingereza, Skoti, Ayalandi na Welisi. Nyumbani alikuwa David, basi. Mdogo wake Albert alikuwa Bertie, akabaki Bertie kwa nduguze hata alipokuja kutawala kama George wa Sita. Yale majina marefu ni ya siku ya ubatizo na ya hati za mashamba. Yaya hana kazi nayo, isipokuwa siku amekasirika.

Sasa nina swali ambalo barua yako imeliruka: huyu mtoto ni kifunguamimba au ni wa pili? Usidhani ni udaku. Mtoto wa kwanza wa kiume wa Earl hutumia cheo kimojawapo cha ziada cha baba yake tangu utotoni, kwa hiyo hata akiwa na miaka minane na kamasi puani watumishi wanamwita "Lord" fulani, na hilo fulani ni jina la cheo, jina lake la ubatizo halisikiki. Wadogo zake wa kiume hawana hilo. Wao ni "Mheshimiwa" kwenye bahasha tu, mdomoni hakuna. Dada zao wote ni "Lady" pamoja na jina la kwanza. Ndiyo maana Diana Spencer, yule aliyekuja kuolewa na Charles, alianza kuitwa Lady Diana mwaka 1975, baba yake aliporithi u-Earl. Kabla ya hapo hakuwa Lady.

Nakushauri awe wa pili. Jina lako utakuwa umelichagua kwa jasho, kwa nini lifunikwe na cheo?

Usiache kuhakiki miaka. Mimi zamani niliandika kisa cha miaka ya 1880 chenye binti wa tajiri aitwaye Wendy, nikakipenda kweli. Msomaji mmoja akaniandikia, kwa adabu iliyouma kuliko tusi, kwamba jina hilo karibu halikuwepo kabla mwandishi J. M. Barrie hajaliingiza kwenye mchezo wa kuigiza wa Peter Pan mwaka 1904. Sikuwa na la kujibu.

Na hebu lisome kwa sauti. Kuna ukoo wa kilodi unaoandikwa Cholmondeley na kutamkwa "Chamli". St John, likiwa jina la kwanza, hutamkwa "Sinjini". Mswahili akikutana na Hugh kila ukurasa atajikwaa kila ukurasa, na Peregrine atamsoma silabi nne kama sala. Nyumba yako ni ya Kiingereza lakini sikio ni letu.

Ningekuwa wewe ningemwita Ivo. Ni jina la kale lililoletwa na Wanormani, wale waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, halikushuka ngazi kama Percy, na lina ushahidi: Ivo Bligh, aliyezaliwa 1859, nahodha wa kriketi aliyeongoza timu ya Uingereza kule Australia msimu wa 1882 hadi 1883. Alikuwa mtoto wa pili wa Earl wa Darnley, na mwaka 1900 akaurithi u-Earl mwenyewe, kwa hiyo mwaka wa hadithi yako alikuwa hai. Silabi mbili, linaishia na irabu, halina herufi ya kubabaisha. Rafiki yako atapata ufupi wake.

Nyuma yake panga Francis au Henry, kisha jina la ukoo wa mama. Halafu mwache yaya amtafutie la nyumbani mwenyewe, tena mapema, ukurasa wa pili au wa tatu, siku mtoto amegoma kuvaa viatu.