Jibu: Miraba ya chati ya Minor Swing

Habari ndugu. Umesema chati yako (karatasi ya kodi, yaani sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa pamoja) ya wimbo wa Minor Swing ni miraba tu, na ule uliokatwa kwa mstari wa mshazari umekukwamisha. Nami nilikwama hapohapo.

Kabla ya kushika gitaa, hesabu miraba. Kila mmoja ni kipimo cha mapigo 4, na wimbo huo wa wanamuziki wa jazi Django Reinhardt na Stéphane Grappelli (1937) una 16 kwa mzunguko, yaani kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja. Ukipata 15, kuna uliouruka. Alama ya % ni kurudia kodi iliyotangulia. Mshazari unagawa mraba: kodi ya juu kushoto mapigo 2, ya chini kulia mapigo 2. Mimi nilikuwa nazipa kipimo kizima kila moja, kila mara naachwa nyuma na wenzangu.

Kodi iitwayo Am6 ishike hivi: waya wa 6, ule mnene, freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 5 kwa kidole cha kati, na ncha yake izime wa 5. Wa 4 freti ya 4, wa 3 na wa 2 freti ya 5, wa 1 uzime. Sogeza umbo lote mpaka kidole cha waya mnene kifike freti ya 10, hiyo ni kodi ya Dm6.

Mkono wa kulia chati haikuandikii. Pigo la 1 na la 3 gusa nyaya nene, la 2 na la 4 piga kwa ukali kisha legeza vidole papo hapo sauti ikatike. Fanyia kazi sana hapo, kwa sababu kundi la Django la miaka ya 1930 halikuwa na ngoma. Magitaa ndiyo yaliyoshika mwendo.

Programu ya simu uliyoitaja sijaitumia, nasoma chati za karatasi.